Florini Niliyoitoboa Mwenyewe

Moraa,

Salamu nimeziruka, maana umetoka hapa sasa hivi na nimekusikia ukifunga lango. Umeenda Manga kumuaga nyanya yako, na jioni mtarudi pamoja na mama yako mdogo Kerubo, mmelowa chapachapa, kwa sababu nyinyi wawili mwavuli mnauona kama tusi. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Nyeri kusomea uuguzi. Habari za sweta, za kutunza nauli na za kutoongea na kila mtu njiani sitaziandika. Shangazi zako wamekuimbia hizo wiki nzima mpaka hata mimi nikachoka kwa niaba yako. Naandika kwa sababu jana uliniuliza swali na mimi nikajitia hamnazo.

Uliniuliza umeshika sinia la chai: "Tata, ukiinunua hiyo pesa ya mama, utanipa niende nayo?"

Nikasema ng'ombe hajanyweshwa, nikatoka. Ng'ombe alikuwa amenyweshwa, na wewe ndiye uliyemnywesha. Nilisimama zizini nikimtazama anatafuna, naye akinitazama, mpaka nikasikia umeondoa vikombe.

Utashangaa ninakuandikia Kiswahili, wakati humu ndani Kiswahili huingia tu akija karani wa majani chai. Lakini nitakayokueleza kwa Ekegusii hayatoki. Unaijua chinsoni, ile haya yetu ya heshima. Baba na binti wana mipaka yao, na mambo ya jinsi nilivyomtongoza mama yako yako ng'ambo kabisa ya mipaka hiyo. Nikijaribu kuyasema kwa lugha ya nyumbani, naona kama marehemu baba amesimama mlangoni na fimbo. Kwa Kiswahili naweza kujifanya ni habari za mtu mwingine niliyemwona mjini. Basi nivumilie, nawe ukisoma usije ukanitaja mbele ya watu.

Hiyo pesa iko hapa mezani, juu ya kitambaa changu cha kufutia saa. Umeiona shingoni miaka yote, lakini jana uliiona kwa mbali tu. Ni florini, pesa iliyotumika muda mfupi sana zamani za babu yako, rupia ikiondoka na shilingi ikiwa bado kuingia. Upande huu mfalme na taji lake, upande ule simba na milima. Juu kidogo ya taji pana tundu, na tundu hilo ndilo ugomvi wote.

Wewe ulifika chai ikiwa tayari, hukusikia tulivyoanza. Kerubo aliifungua kutoka kwenye ncha ya leso, akaiweka hapa nilipoegemeza mkono, akasema, "Shemeji, Jumamosi nabatizwa. Shingo lazima iwe wazi. Kuitupa siwezi, na kuificha ndani ya nguo ni kumdanganya Mungu. Wewe hununua pesa za zamani. Haya, nunua."

Mimi nikavaa kile kioo changu cha jichoni, nikaigeuza huku na huku kama niliyeletewa na mtu wa sokoni nisiyemjua. Mungu anisamehe, hata midomo nilibinua. Nikamwambia, "Imetobolewa hii. Kwa watu wa sarafu, hii imekufa."

"Nani aliitoboa?"

Nikaigeuza tena upande wa simba.

"Nakuuliza, shemeji. Nani aliitoboa?"

Hapo ndipo ulipoingia na sinia, ukacheka, ingawa hukujua unacheka nini. Leo utajua.

Kerubo hakutaka pesa. Alitaka ile saa ya ukutani, ile inayogonga, kwa sababu kwake Kenyenya hawana saa na Ijumaa jua likizama Sabato huwa inamkuta bado yuko shambani na jembe. Akaniachia florini nilale nayo. "Kesho jioni nitaondoka na saa au nitaondoka na hii," akasema. "Na nikiondoka na hii, naipitisha Kisii kwa sonara aiyeyushe. Afadhali iishe kwa moto kuliko kuzungushwa na wewe hivi." Ndipo ukaniuliza swali lako, nami nikakimbilia kwa ng'ombe.

Sasa nikurudishe nyuma. Nilipokuwa kijana, kabla sijapata meza yangu pale barazani mjini, nilikuwa najifunza kazi kwa fundi wa saa, Mhindi mmoja mfupi, mkali, aliyekuwa akinihesabia hata skrubu nilizozikanyaga. Siku za soko mama yako alikuwa akipita na ndizi kutoka Manga. Alikuwa anasimama na kuuliza saa ngapi. Nilikuwa namjibu, anashukuru, anaenda. Siku moja rafiki yake akamuuliza kwa sauti, "Wewe Nyaboke, hiyo saa unayouliza kila mara unaipeleka wapi?" Lo! Sijawahi kuona mtu akitembea haraka hivyo na mkungu wa ndizi kichwani.

Basi nikapata moyo. Siku ya soko iliyofuata alipopita nikamwambia naweza kutoboa kitu chochote duniani bila kukipasua. Vijana tulikuwa wajinga, huo ndio uliokuwa mdomo wetu mtamu. Akasema, "Chochote?" Nikasema chochote. Akasema, "Toboa basi, nione."

Mfukoni nilikuwa na florini. Babu yako aliipata Kericho alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai, akanipa nilipoanza kazi, akasema hii usiitumie, hii ikae. Hakusema isitobolewe. Fundi alikuwa amekwenda kula. Nikaikaza kwenye jiliwa, nikachukua keekee yake ndogo ya kutobolea, ile aliyonikataza hata kuipangusa vumbi, nikaanza. Jasho lilinitoka, Moraa. Keekee ikavunjika nikaweka nyingine, na mama yako amesimama na ndizi zake, wanunuzi wanamwita, haendi. Tundu likatokea. Nikalisafisha, nikapitisha uzi wa katani, nikampa.

Akaigeuza akasema, "Umeharibu pesa."

Nikasema, "Ndiyo. Sasa haiwezi kununua kitu kingine chochote."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Sikuwahi kupata mengine mazuri hivyo tena maishani, na nimeyatafuta sana. Aliifunga shingoni palepale, akaenda. Fundi aliporudi akaona keekee zake, nilifukuzwa kwa matusi ya lugha tatu, na nilitembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi.

Aliivaa tangu siku hiyo. Tulipooana aliivaa. Nilipofanywa shemasi wazee wa kanisa walininong'oneza kwamba Wasabato hawavai vidani, nami nikamnong'oneza yeye, tukaelewana kwamba siku ya Sabato itakaa nyumbani. Jumamosi jua likizama, kabla hata ya kuwasha moto, iko shingoni. Wewe ukiwa mchanga ulikuwa ukiishika unaponyonya. Ulikuwa ukiivuta mpaka anapiga kelele.

Halafu uhuru ukaja, na baadaye zile pesa za mfalme zikaondolewa sokoni. Watu wakaniletea mezani zilizobaki kwenye mikebe, kwa sababu nina kioo cha kukuzia na walidhani mwenye kioo anajua kila kitu. Nikaanza kuzichagua. Nikachonga lile sanduku la mbao lenye vishimo, kila sarafu na kishimo chake. Nilipenda zilivyokaa, mwaka kwa mwaka, bila kusukumana. Mama yako akawa ananitania, "Umeanza kulala na pesa zilizokufa," na ni kweli kuna usiku nililala nimechelewa kwa ajili ya sarafu hizo.

Kulikuwa na mzee Kisumu, mwenye duka la vitambaa, aliyekusanya sarafu tangu ujana. Nilipokwenda kununua vipuri vya saa nilimpitia, naye akanionyesha zake. Akaniuliza nimekosa ipi. Nikamtajia florini. Akapiga mluzi, akasema hiyo ni adimu, nyingi zilirudishwa zikayeyushwa, na nikiipata nzima niishike kwa mikono miwili. "Na iliyotobolewa?" nikauliza, kama mtu anayeuliza tu. Akatikisa kichwa. "Usiguse. Afadhali kishimo kikae kitupu."

Nilirudi kutoka Kisumu nimenuna njia nzima. Nilijiona mjinga mkubwa: sarafu adimu kuliko zote nilizowahi kushika, na mimi ndiye niliyeiua. Nilipofika hapa mama yako alikuwa anamenya ndizi. Nikakaa. Nikamtazama. Akainua macho akasema, "Unatazama shingo yangu au unatazama pesa?"

Ningesema shingo. Mwanamume yeyote mwenye akili timamu angesema shingo. Mimi nikasema, "Laiti nisingeitoboa."

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alimaliza kumenya, akaosha mikono, akatoka nje. Siku zile alinipikia, alinijibu, alinifulia, lakini alikuwa ametoka nje na hakurudi ndani haraka. Mimi nilidhani amekasirikia neno dogo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimemwambia kitu kikubwa, na nilipoelewa niliona haya kurudi kukisema upya. Niliona yatapoa yenyewe. Mambo mengine kweli hupoa, mengine tunayaacha tu mpaka mwenyewe hayupo wa kuambiwa.

Baadaye nilizidi kuharibu. Nilimwomba anipe niiweke kwenye sanduku, katika kile kishimo kitupu, angalau ikae salama. Akasema, "Hii si ya sanduku." Nikamwomba tena siku nyingine. Jibu likawa hilohilo.

Ulikuwa darasa la tatu alipougua. Hilo unalijua, na mengi ya siku zile unayakumbuka vizuri kuliko mimi. Usilolijua ni hili. Pale hospitalini muuguzi alisema kila kitu cha shingoni kivuliwe kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Mama yako akaivua. Mimi nilikuwa upande huu wa kitanda, Kerubo upande ule. Nikanyoosha mkono. Aliuona mkono wangu, Moraa. Aliutazama kabisa. Kisha akampa Kerubo.

Hakutoka mle akiwa hai, na mkono wangu ulibaki umenyooshwa miaka yote hii. Ndiyo maana kila Kerubo alipokuja hapa na ile pesa shingoni mimi nilikuwa na shughuli za ghafla nje. Mlidhani simpendi shemeji yangu. Nilikuwa siwezi kukaa chumba kimoja na jibu la mama yako.

Sasa unaona kwa nini nilibinua midomo jana. Nilitaka isiwe na thamani. Nisingeinunua, yule mzee wa Kisumu angenisifu, mkono wangu usingejinyoosha tena, na nisingelazimika kukujibu wewe. Sonara angewasha moto, mambo yakaisha. Nimelala na wazo hilo na nakwambia lilikuwa tamu.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuchuma chai kwa mara yako ya mwisho, nilipata wazo jingine. Nina kifuniko cha fedha cha saa ya mfukoni iliyokufa zamani. Nikasema nitakikata kipande kidogo, nilizibe tundu, nisugue, nichonge, na kwa kazi ya mikono yangu hakuna jicho litakalojua bila kioo. Ingekuwa nzima. Ningeiweka kwenye kishimo chake, sanduku lingejaa, na ningekuwa nimefuta lile neno, laiti nisingeitoboa. Nilikata kipande kizuri, cha mviringo. Nikakijaribu. Hakikuingia.

Nikavaa kioo. Tundu nililotoboa mimi lilikuwa la mviringo kabisa, nilijivunia hilo. Hili si la mviringo tena. Limevutika kuelekea ukingoni, limekuwa refu kidogo, na pale juu limelainika mpaka linang'aa. Uzi ndio ulioila. Kila alipoinama kupalilia, kila alipochota maji, kila ulipoivuta wewe ukinyonya, uzi ulisugua palepale. Ili kipande changu kiingie ingebidi nichukue tupa, nilipanue, niondoe pale palipolika.

Tupa nilishika. Nisikudanganye, nilishika na nikaiegemeza. Kisha nikafikiri: hapa ndipo alipo. Kaburi lake liko pale nyuma ya migomba, na nguo zake walichukua akina shangazi kama desturi ilivyo, na picha hakupiga kwa sababu nilisema tutapiga mwaka ujao. Mahali pekee duniani ambapo mama yako ameacha alama ya kutembea kwake ni hapa, upana wa kichwa cha sindano, na mimi nimeshika tupa. Nikaiweka chini. Nikalia, ndiyo, nikalia, jogoo ndiye shahidi.

Kwa hiyo nimeamua. Saa nimeishusha ukutani na kuifunga kwenye gunia. Kerubo akifika ataichukua. Ukuta umebaki na doa jeupe na nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo sikuitarajia. Florini nimeinunua kwa bei ya kitu kizima na hata zaidi, na yule mzee wa Kisumu akisikia atanicheka. Acha acheke. Kishimo kwenye sanduku kitabaki kitupu. Alisema si ya sanduku, basi si ya sanduku. Nimeipitishia uzi mpya wa katani na nitaivaa mimi, nje ya shati. Kerubo ana haki, kuificha ni kumdanganya Mungu. Wazee watakuja, wataketi, watakohoa. Shemasi na kidani! Waniondolee ushemasi, nitakaa benchi la nyuma na wale wanaosinzia. Nimechoka hata hivyo kupitisha sahani ya sadaka.

Na sasa jibu lako. Nimelizunguka kurasa zote hizi kwa sababu najua ulivyotazama jana.

Hapana, Moraa. Sikupi.

Najua baba wengine wangekufungia kwenye karatasi na kukwambia nenda nayo mwanangu, na nyote mngelia vizuri pale stendi. Najua una haki nayo kuliko mimi. Mama yako mwenyewe aliniruka mkono akampa mwingine, na pengine leo ningekuwa kando ya kitanda hicho angeniruka tena akakupa wewe. Nimewaza hayo yote. Nimekupa badala yake ile siku ya soko, ndizi, keekee ya Mhindi na maneno yangu mazuri pekee. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupewa, hata Kerubo hajui nilisema nini pale barazani. Beba hiyo. Nikifa, florini nayo ni yako, uje uichukue shingoni mwangu kabla hawajanizika nayo, maana wazee wanaweza kusahau kwa makusudi.

Lakini sasa hivi niachie. Usinikasirikie, au nikasirikie kidogo halafu uache. Wewe unaondoka na sauti yake. Unaondoka na ile namna yake ya kuinamisha kichwa ukitaka kumpinga mtu. Jana uliposimama mlangoni na sinia, Kerubo alikukazia macho akasahau kushika kikombe, na mimi nilijua anamwona nani. Ukimtamani ukiwa huko Nyeri, tafuta kioo, ujitazame, ucheke kidogo, atatokea. Mimi kila nilipomtamani miaka hii nilikuita uje uniletee maji, na wewe ulikuwa unalalamika kwamba tata ana kiu isiyoisha. Sikuwa na kiu.

Kesho lile basi likiondoka, mtakuwa mmeondoka wawili.

Tata